Nzi Juu ya Njiti ya Kiberiti

Sura ya Saba

Nzi walikuwa ndani ya jokofu, kwenye chupa ya jemu iliyofunikwa kitambaa, kati ya maziwa na bakuli la maharage. Olivia aliitoa chupa akaiweka mezani mbele ya Wambura.

"Wamekufa wote," alisema. "Lakini siwatupi. Akiamka atawaulizia."

Aliyekuwa akingojewa aamke ni mumewe, Matia. Wiki ya pili sasa alikuwa amelala hospitali bila kufumbua jicho. Alikutwa chini ya ngazi za zege zinazoteremka kutoka kwenye maduka ya Tensta, pembezoni mwa Stockholm, mpaka kituo cha mabasi ya Spånga, kichwa kimepasuka, mkoba wake wa kamera bado uko begani. Polisi hawakuhangaika sana. Mchana uleule, mbele ya watu, Evodius alimkaba Matia ukosi wa koti akamtikisa kama gunia. Evodius alikuwa kijana wa Bukoba, na kabla ya Matia kumwoa Olivia, yeye ndiye aliyekuwa mchumba wake. Hakimu gani angehitaji zaidi ya hapo? Mwanamume aliyenyang'anywa mchumba, ugomvi hadharani, kisha mtu yuko chini ya ngazi. Evodius alilala mahabusu siku hiyohiyo.

Wambura alitumwa na wakili wa Evodius. Huko nyuma alikuwa askari wa upelelezi Mwanza, kabla masomo na ndoa hayajamleta Stockholm. Siku hizi aliwapelelezea mawakili, akipita nyumba za watu bila kitambulisho cha kumtisha mtu. Inspekta wa Kiswidi aliyemkamata Evodius alikuwa nacho, kwenye pochi nyeusi ya ngozi, na Wambura, Mungu amsamehe, kila alipokiona alikionea kijicho.

"Dada Olivia," alisema, "siku ile Evodius alikuwa anagombana na mumeo kwa ajili ya nini?"

Olivia aliivuta chupa karibu, akaanza kuizungusha polepole. Binti yake mdogo alichungulia kutoka chumbani, akauliza kitu kwa Kiswidi. Mama alimjibu kwa Kiganda arudi ndani, naye akarudi akilalamika kwa Kiswidi.

"Polisi sikuwaambia," Olivia alisema. "Niliona aibu. Ni mimi niliyemtuma."

Maelezo yake yalitoka kwa vipande. Majira yote ya joto Matia alikuwa akitoweka kila Jumamosi. Alirudi magoti yamejaa udongo, ananukia maua, uso unang'aa kama wa bwana harusi. Olivia aliulizauliza mpaka akajua anakokwenda: kwa Jennifer, Mkenya aliyeolewa na Mswidi, mwenye nyumba na bustani kule Spånga. Tangu siku hiyo hakulala. Alinusa mashati. Alihesabu maneno ya mumewe mezani. Usiku mumewe akiwa amelala alimtazama, akijiuliza ni nini Jennifer anacho ambacho yeye hana. Mwishowe alimpigia Evodius simu akalia, kwa sababu Evodius alikuwa mtu pekee aliyewahi kumlilia yeye.

"Nilitaka amtishe tu. Akamkaba pale dukani, akamwambia amwache yule mwanamke. Matia akacheka. Akamwambia: njoo Jumamosi umwone huyo mwanamke wangu, ana miguu sita." Olivia aliizungusha tena chupa. "Baada ya yeye kuanguka nilikwenda kwa Jennifer kumtukana. Alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha majani yaliyolala chini ya waridi. Mahali pa tumbo la mume wangu, na mahali pa viwiko vyake. Kumbe alikuwa akilala pale kutwa, anavizia nzi. Jennifer hata jina lake halijui vizuri. Anamwita Mathayo."

Wambura aliyaweka hayo moyoni. Yalieleza ugomvi, ila hayakumwondoa Evodius kwenye zile ngazi. Mtu anaweza kuchekwa mchana akarudi jioni na hasira mpya. Aliomba kuuona mkoba.

Polisi walikuwa wameurudisha jinsi ulivyokutwa. Wambura alitandaza gazeti mezani akatoa kitu kimoja kimoja. Kitambaa cha kufutia vioo. Tochi. Kiberiti. Kamera kuukuu ya chuma, rangi imebanduka pembeni, na mbele yake lenzi fupi ambayo mwanzoni hakujua ina kasoro gani. Aliigeuzageuza mpaka akaelewa. Ilikuwa imefungwa nyuma mbele. Ule upande unaotakiwa kuingia ndani ya kamera ndio uliokuwa nje, na kioo cha mbele ndicho kilichoshikizwa kwenye kamera kwa pete nyembamba ya bati.

"Ndivyo anavyoifunga," Olivia alisema. "Nilidhani ameiharibu. Akaniambia hapana, ndivyo inavyoona."

Wambura aliisogeza kamera usoni. Hakuona kitu ila ukungu. Aliisogeza mbele, akairudisha nyuma, na ghafla, karibu kabisa na kioo, ngozi ya kidole chake mwenyewe ilimtokea kama shamba lililolimwa matuta. Alishtuka, akaishusha kamera taratibu.

Aliifungua nyuma. Haikuwa na filamu. Kwenye mkoba hamkuwa na picha hata moja.

"Siku ile alikwenda Tensta kufanya nini?"

"Kuchukua picha zake zilizosafishwa. Alitoka hapa anapiga mluzi."

"Na ziko wapi?"

Olivia alimtazama, kisha akautazama mkoba mtupu. Swali hilo hakuna aliyekuwa amemuuliza.

*

Duka la picha lilikuwa kati ya duka la matunda na duka la viatu. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kigiriki, na Kiswidi chake kilikuwa kibovu kama cha Wambura, hivyo walielewana vizuri sana. Alimkumbuka Matia kabla jina halijaisha kutajwa. Alisema wateja wote humletea watoto wanaozima mishumaa na shangazi mbele ya meli. Huyu alimletea wadudu.

Wambura aliweka kamera juu ya kaunta akaomba aelezwe kama mtoto. Mzee alifurahi. Alisema lenzi ile, ikifungwa kama kawaida, huona pana: inaichukua nyumba nzima na kuibana kwenye kipande cha filamu kisichozidi stempu. Ukiigeuza, kazi inageuka nayo. Kilicho kidogo ndicho kinachotoka kikubwa, kikubwa hata kuliko kilivyo chenyewe. Matajiri hununua lenzi maalumu kwa kazi hiyo. Matia alinunua pete ya bati tu.

"Basi kwa nini watu wote hawafanyi hivyo?" Wambura aliuliza.

Kwa sababu inatesa, mzee alijibu. Lenzi iliyogeuzwa haizungumzi tena na kamera. Mwanga unaupunguza kwa mkono, na ukishaupunguza huoni vizuri unachopiga. Huwezi kuizungusha lenzi ili picha ionekane wazi. Unayumba mwenyewe, mbele na nyuma, umebana pumzi, na mdudu yuko umbali wa kidole. Na ukubwa wa picha ni mmoja. Huwezi kuuongeza wala kuupunguza. Alivyotoka mdudu wa kwanza ndivyo atakavyotoka wa mwisho.

Wambura alimwomba arudie hilo la mwisho. Mzee alirudia.

Siku ile ya tukio, mzee alisema, Matia alikuja mchana. Walitandaza filamu juu ya kioo chenye taa chini yake na kuitazama pamoja. Ilikuwa ya nzi mmoja, amewekwa kwenye jokofu apoe asiruke, kisha akasimamishwa juu ya njiti ya kiberiti. Kila jicho lake lilikuwa kama sega la asali. Mzee alikuwa na miaka mingi kazini na hakuwahi kuona kazi ya mkono kama ile. Matia aliikunja filamu, akaitia mkobani, akaondoka.

"Peke yake?"

"Peke yake. Na yule kijana aliyemkaba alikuwa ameshaondoka. Nilimwona akipanda basi na hasira zake."

"Uliwaambia polisi?"

Mzee aliinua mabega. Polisi walimuuliza kama aliona ugomvi. Aliuona, akasema ndiyo. Zaidi ya hapo hakuulizwa.

Kisha akasema jambo ambalo Wambura hakulitegemea. Alidhani Matia aliiuza ile picha, maana juzi aliiona gazetini, nzi yuleyule juu ya njiti ileile. Aliinama chini ya kaunta, akapekua rundo, akaufunua ukurasa wa habari za mtaani. Nzi alikuwepo, mkubwa kama kiganja. Chini yake palikuwa na maelezo ya maonyesho ya chama cha wapiga picha cha Sundbyberg, na jina la mpiga picha: Kariuki.

Wambura aliomba kuazima rula na kioo cha kukuzia.

*

Kariuki alikuwa mhandisi wa simu, mtu mrefu, nadhifu, aliyekuja Sweden na ufadhili wa masomo akabaki. Watu wa Afrika Mashariki walimheshimu. Aliwafundisha wengi kupiga picha bure, siku za Jumapili baada ya kanisa. Alimpokea Wambura kwa mikono miwili, akamketisha sebuleni mkabala na kabati la vioo lenye kamera zake, zimepangwa kama vyombo vya madhabahuni. Mkewe, Wamuyu, aliwaletea chai ya maziwa, akamsalimia mgeni kwa upole, akarudi jikoni.

Wambura alianza kwa sifa. Alisema ameiona picha gazetini, na ingawa yeye si mjuzi, imemtoa jasho. Kariuki aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mtu aliyezoea kusifiwa.

"Na Matia?" Wambura aliuliza. "Nasikia alikuwa mwanafunzi wako."

"Maskini Matia. Nilimfundisha hata kutia filamu kwenye kamera. Ile lenzi yake nilimpa mimi. Ilikuwa imelegea, nikasema afadhali nimpe mtu kuliko kuitupa." Alikoroga chai. "Alikuwa na mchezo wake wa kuigeuza. Ni mambo ya watoto, ndugu yangu. Picha ya maana hutoka kwenye lenzi ya maana."

"Hii ya nzi uliipiga kwa lenzi gani?"

Kariuki alilifungua kabati, akaitoa lenzi moja ndefu kwa mikono yote miwili na kuiweka juu ya kitambaa. Alisema alijinyima miaka miwili ili aipate. Wambura aliuliza kama alitumia hiyo peke yake.

"Peke yake. Mimi siweki takataka mbele ya kamera yangu."

"Hakuna pete? Hakuna kitu cha kuisaidia?"

"Lenzi nzuri haitembei na mkongojo."

Wambura alitikisa kichwa kukubali. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeona haya, kwamba kuna watu wenye husuda pale mjini wanaodai picha ile si yake. Uso wa Kariuki ulikakamaa. Aliondoka, akarudi na bahasha, akaitoa filamu na kuitandaza juu ya meza.

"Waambie hao. Mwenye filamu ndiye mwenye picha."

Wambura hakuigusa kwa haraka. Alimaliza chai yake. Ndipo alipotoa rula na kioo cha kukuzia, akaiinamia filamu kando ya taa ya meza, akapima. Alipima picha ya kwanza, ya katikati, na ya mwisho. Kisha akaomba njiti ya kiberiti. Kariuki, akiwa haelewi, alimletea kiberiti kutoka jikoni. Wambura aliilaza njiti juu ya rula.

"Unene wake ni milimita mbili," alisema. "Hapa kwenye lenzi yako pameandikwa moja kwa mbili. Nisaidie mjinga, maana yake nini?"

Kiburi cha ufundi kilijibu kabla ya akili. "Maana yake ni kwamba hata ukikaribia mwisho wa uwezo wake, kitu kitatokea kwenye filamu kwa nusu ya ukubwa wake..."

Alikuwa amesikia alichokisema mwenyewe.

"Nusu ya mbili ni moja," Wambura alisema. "Njiti hii kwenye filamu ina milimita tano."

"Niliikuza."

"Watu hukuza kwenye karatasi. Hii ni filamu. Na kila picha njiti ina unene uleule, hata moja haikuzidi wala kupungua. Mtu mwenye lenzi ya kuzungusha asingeweza kufanya hivyo hata kwa makusudi. Huyu aliyumba tu, mbele na nyuma." Aliisogeza filamu kando. "Ilisafishwa Tensta. Matia aliichukua mchana ule akaitia mkobani. Baadaye kidogo akakutwa chini ya ngazi. Mkoba upo, kamera ipo, filamu haipo. Sasa nieleze, Bwana Kariuki, ilifikaje mikononi mwako."

Kariuki aliitazama lenzi yake ndefu kwa muda. Mkono wake ulikuwa bado unaipapasa. Alipoanza kusema hakumtazama Wambura.

Alisema walikutana juu ya ngazi kwa bahati tu. Yeye alikuwa ametoka kumtembelea mgonjwa. Matia alimkimbilia kama mtoto, akaifungua filamu na kuiinua kwenye mwanga wa jua, akamwambia: mwalimu, tazama. Kariuki akatazama. Miaka miwili alikuwa na lenzi yake, na hakuwahi kumwona nzi namna ile. Alimwomba Matia ampe filamu aiingize kwenye maonyesho kwa jina la chama. Matia akasema asante, ataipeleka mwenyewe, tena kwa jina lake. Hakusema kwa kiburi. Alisema huku anatabasamu.

"Hilo tabasamu," Kariuki alisema. "Kama angenitukana ningemwacha. Niliishika filamu nikavuta. Na yeye akavuta. Nikamsukuma kidogo tu, aachie. Aliachia."

"Ukamsikia akianguka."

"Nilimsikia."

"Kuna simu pale dukani. Ulipiga?"

Kariuki alitikisa kichwa kukana. Alishuka kwa njia nyingine, akaenda kupanda treni. Aliposoma kwamba Evodius amekamatwa alijiambia ni kazi ya Mungu, maana nani asingemshuku Evodius? Kila mtu alijua wivu wa mapenzi unafanya nini. Hakuna aliyefikiria kwamba mtu mzima, mhandisi, mzee wa kanisa, anaweza kumwonea mwenzake kijicho kwa sababu ya nzi.

Kisha akasema lililokuwa likimla. "Nami niliigeuza lenzi. Nilijifungia bafuni. Nilinunua pete kama yake, nikakamata nzi, nikampoza kama yeye. Nimepiga filamu nzima. Yote ukungu." Alicheka bila sauti. "Amelala pale hajitambui, na bado ananishinda."

Wambura alisimama, akaenda kwenye simu iliyokuwa ukumbini, akampigia yule inspekta. Alieleza kwa kifupi: filamu, duka, njiti, na kwamba mwenyewe amekiri. Inspekta akasema wanakuja, na kwamba kama mambo ni hayo, Evodius hatalala mahabusu usiku huo. Mwisho akaongeza asante. Wambura alingoja ajisikie ameshinda. Hakujisikia hivyo.

Alipogeuka alimkuta Wamuyu amesimama kwenye mlango wa jikoni. Hakujua alikuwa pale tangu lini, lakini uso wake ulionyesha kwamba ni tangu zamani. Alikuwa ameshika chupa ya chai ya bati yenye mfuniko wa kukaza, ile ya kubebea uji. Alimpita Wambura, akaenda kusimama mbele ya mumewe.

"Kila siku nampelekea Olivia uji hospitali," alisema. "Na kila nikirudi, kabla sijavua koti, unaniuliza: ameamka?"

Kariuki hakuinua kichwa.

"Nilidhani unamwombea," alisema Wamuyu.